Maji ya Kuongeza

Siku Barafu aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, mkewe alimshika kwapa la kulia, mdogo wake akamshika la kushoto, wakamkokota hadi kwenye kiti cha mikono sebuleni. Wakamuuliza kama anataka mto, kama ana kiu, kama anasikia baridi. Wala hakuwa nao. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye tangi la kioo lililokuwa kando ya ukuta, kuangalia maji yamefika wapi.

Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye alama. Moyo wake ukatulia. Kumbe mkewe alikuwa akiyaongeza siku zote hizo alizolazwa. Kisha akamtazama anemoni, na ule utulivu ukamtoka.

Tuelezane kwanza, maana wengi waliopita sebule ile walikosea. Anemoni ukimwona mara ya kwanza utaapa ni ua. Lakini ni mnyama. Ana mguu mmoja wa kunatia kwenye jiwe, mdomo mmoja katikati, na vidole vingi laini vinavyochezacheza majini, vyenye sumu. Samaki akivigusa amekwisha. Wanaoweza kulala humo ni samaki klauni peke yao, wale wa rangi ya machungwa wenye mikanda myeupe, na Barafu alikuwa nao wawili. Mkubwa ndiye jike, na ndiye mwenye amri, kwa hiyo mke wa Barafu alimpa jina la Bibie, na yule mdogo akaitwa Mumewe. "Hata humu ndani," alizoea kusema mama yule, "mwanamke ndiye anayejua pa kulala."

Miaka tisa Barafu aliitunza familia ile. Alikuwa fundi friji, ndiyo asili ya jina lake mtaani. Tangi alilibuni na kuliunganisha mwenyewe, mashine ya kupoza maji aliitoa kwenye friji bovu, na lote kwa pamoja aliliita bahari bila kuona aibu. Mgeni akiingia, kabla hajapewa kiti, alikuwa ameshahadithiwa maisha ya anemoni toka mdomo hadi mguu. Maana mtu yule alikuwa na mdomo! Akianza, hata waliokuja kudai friji zao walisahau walichofuata.

Kuongea aliongea, ila kugusa hakumruhusu mtu. Mkewe alimwomba zaidi ya mara moja. "Nifundishe basi, mume wangu. Siku ukisafiri nitawafanyaje hawa?"

"Sisafiri," Barafu alimjibu. "Na hii si sufuria ya maharage, mama. Hii ni sayansi."

Hayo alimwambia mwanamke aliyewapikia watoto mia nne kila siku kwa miaka ishirini katika jiko la shule, na hakuna hata siku moja waliyokula wali mbichi. Mwanamke akarudi kwenye sufuria zake. Hakuulizia tena.

Kisha kiharusi kikamkuta Barafu karakanani, kichwa kikiwa ndani ya friji la mteja. Mkono wa kulia ukalala, mguu wa kulia ukalala, na maneno yote yakaenda. Lilibaki moja tu: haya. Akitaka maji, haya. Akikataa chakula, haya. Mtaalamu wa matamshi pale hospitali aliwakalisha chini mkewe na mdogo wake akawaeleza vizuri: "Neno hilo msilihesabu. Linatoka lenyewe, halina maana ya ndiyo wala hapana. Na kuandika pia hataweza kwa sasa, kwa sababu ni mlango ule ule. Lakini kichwani anaelewa kila kitu. Yumo humo ndani, ila njia ya kutokea imefungwa."

Basi akarudi nyumbani akiwa yumo humo ndani, akamwona anemoni wake amenywea. Vidole vilivyokuwa vikijaza nusu ya jiwe vilikuwa vimejikunja, vimekuwa vifupi, na rangi yake ya kijani imepauka. Bibie alikuwa anajitahidi kujibanza humo, nusu ya mwili ikibaki nje. Barafu akaanza kuwaza kama fundi. Joto? Kipimajoto kilisoma sawasawa. Taa zilikuwa zinawaka. Pampu ilikuwa inazunguka. Alilala na swali hilo kichwani.

Asubuhi jibu likaletwa mbele yake.

Mkewe alitoka koridoni na jagi kubwa la maji yaliyochujwa, yale aliyokuwa Barafu akiyaweka kwenye mapipa. Akafungua ndoo ya chumvi ya bahari, akachota vikombe kama alivyoona imeandikwa ubavuni mwa ndoo, akakoroga kwa mwiko hadi ikayeyuka. Kisha akaenda kwenye tangi kumimina, taratibu, kwa adabu, kama anayemlisha mtoto.

"Haya!" akapiga kelele Barafu.

"Nakuja, nakuja. Wacha niwanyweshe hawa kwanza."

"Haya! Haya!"

Mkewe akageuka akitabasamu, jagi tupu mkononi. "Unaona? Ulifikiri nitawasahau. Tangu siku uliyolazwa sijakosa hata siku moja. Ile siku waliyotuambia tujiandae kwa lolote, nilirudi hapa nikawatia maji, ndipo nikakaa nikalia. Jagi mbili, na chumvi yake, kila asubuhi."

Barafu akafumba macho. Jagi mbili, siku kumi na tano.

Maji ya tangi hupungua kila siku kwa sababu yanakauka hewani, hasa kukiwa na taa kali juu yake. Lakini kinachoondoka ni maji peke yake. Chumvi haiendi popote, inabaki mle mle. Kwa hiyo maji ya kuongeza huwa hayana chumvi kabisa. Ni jambo dogo hilo, la kufundishwa huku mtu anafunga viatu. Barafu alikuwa amelifanya kila asubuhi kwa miaka tisa mbele ya macho ya mkewe, na hakuwahi kulisema. Na mkewe, kwa akili ya mtu yeyote mzima, aliona samaki ni wa bahari, na ndoo ya chumvi ipo pale pale, akajumlisha moja na moja.

Siku hiyo hiyo Barafu alianza kupigana na mdomo wake. Alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea ndoo ya chumvi, akatikisa kichwa. Kichwa chenyewe siku hizo kilitikisika hata asipotaka, kwa hiyo mkewe alisimama akitazama kidole, na si kichwa. "Chumvi? Haitoshi?" akauliza kwa wasiwasi, na kesho yake akaongeza nusu kikombe. Barafu alitaka kulia.

Siku ya tatu alipitishiwa jagi karibu na kiti, akalipiga kwa mkono wake mzima likaanguka, maji yakamwagika sakafuni. Mdogo wake alikuwepo. Huyu alikuwa kinyozi, alikuja kila baada ya siku mbili kumnyoa ndevu kaka yake, na kama vinyozi wote alikuwa na jibu la kila ugonjwa.

"Usimchukie, shemeji," alisema huku akipangusa wembe. "Kiharusi kinabadilisha tabia. Mimi nina mteja wangu, baba wa watu mpole kabisa, alipopata hivi akawa anamrushia mkewe viatu. Kaka, punguza hasira. Mwenzio anajituma."

"Haya," alisema Barafu, povu la sabuni likiwa limemfika masikioni.

"Umeona? Amekubali," alisema kinyozi.

"Usilihesabu hilo neno, shemeji," mama yule alijibu polepole, akipiga deki. Kisha akaenda kukoroga jagi jingine, kwa sababu maji yalikuwa yamemwagika na samaki hawakuwa wamepata.

Wiki iliyofuata Barafu alipata wazo la droo. Ndani ya droo ya kabati ilikuwepo darubini ndogo ya mkononi ya kupimia chumvi. Unadondosha tone la maji kwenye kioo chake, unachungulia, na mstari unakuonyesha umefika wapi. Alielekeza kidole hadi mkewe akafungua droo ya kwanza, ya pili, ya tatu, akatoa betri, bisibisi, risiti, na mwisho kile kipimo. Barafu akapiga mkono kwenye paja kwa furaha. Mkewe akakiweka jichoni, akakielekeza dirishani.

"Naona buluu," alisema. "Buluu tupu. Inapendeza."

Hakuwa ametia tone. Angejuaje? Barafu akaelekeza kwenye tangi, akaelekeza kwenye kipimo, akaelekeza kwenye tangi. Mkewe akafikiri, akaenda akachungulia tangi kupitia darubini ile, akamchungulia Bibie, akamchungulia Mumewe, akamchungulia na mumewe wa kitini. "Buluu tu, mzee wangu," alisema, na akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu aumwe. Barafu alikisikia kicheko kile na hakuwa na moyo wa kukizima. Kipimo kikarudi drooni.

Akajaribu kuchora. Aliwekewa karatasi kwenye sinia, akashika kalamu kwa kushoto, akatoka jasho. Alikusudia kuchora tangi, na mvuke unaopanda, na nukta za chumvi zinazobaki chini. Yakatoka mawimbi mawili yaliyopinda na vinukta. Mkewe aliitazama karatasi ile muda mrefu, machozi yakamlengalenga. "Umechora bahari," alisema, akaibandika ukutani juu ya televisheni, ili kila anayekuja aone maendeleo.

Na wakati wote huo, jagi mbili kila asubuhi.

Alikuwa anakaa palepale, hatua nne kutoka kwenye tangi, akimwona anemoni akifa. Hakuna njia nzuri ya kulisema hilo. Kwanza mdomo wake, ambao kwa anemoni mzima hubana kabisa, ulianza kulegea. Halafu akaachia jiwe alilonatia miaka yote, akatambaa nusu siku akitafuta mahali pazuri ndani ya maji ambayo hayakuwa na mahali pazuri, akaishia pembeni kwenye mchanga, amelalia ubavu. Rangi ikamwisha. Bibie alimfuata. Kila alipotupiwa kipande cha nyama ya kamba, alikidaka na badala ya kumeza akampelekea anemoni, akakisukumiza kwenye ule mdomo uliolegea. Kipande kikabaki hapo kidogo, kisha kikadondoka. Bibie akakiokota tena. Barafu aliona mara tatu, mara nne, akageuza uso upande wa ukuta, lakini ukutani ilikuwepo ile picha yake ya bahari.

"Sijui wana nini hawa," mkewe alisema akiinama mbele ya kioo, sauti imemkauka. "Nafanya kila kitu. Nisaidie hata kwa ishara, mume wangu. Nakosea wapi mimi?"

Alikuwa anamsaidia kwa ishara tangu siku ya kwanza. Hilo ndilo lililomkata maini.

Ilikuwa mchana wa siku ya ishirini na tano tangu arudi nyumbani, mkewe alipokuwa anapika supu ya mboga. Katikati ya kupika akalazimika kumpeleka Barafu chooni, na safari ya chooni siku hizo haikuwa ya dakika mbili. Aliporudi jikoni, supu ilikuwa imekaukia. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, na Barafu kutoka kitini alimwona akichota kwa kijiko, akionja, akikunja uso.

"Imekauka, imekuwa chumvi tupu," alijisemea, akachukua birika akamimina maji ndani ya sufuria. Akakoroga, akaonja tena. "Haya sasa."

Barafu akaangalia tangi, akaangalia tena sufuria. Wiki zote hizo alikuwa ametafuta njia ya fundi friji: vipimo, michoro, droo. Kumbe mkewe alikuwa anaijua habari yote. Aliijua kwa ulimi wake, tangu jiko la shule, kabla Barafu hajaisikia. Alichohitaji ni kuionja tu.

Hakungoja. Akashika mkono wa kiti kwa kushoto, akajisukuma, akasimama kwa mguu mmoja, jambo ambalo mtu wa mazoezi ya viungo kule hospitali alisema lisubiri mwezi mzima. Akajirusha zaidi ya kutembea, akafika kwenye tangi, kifua kikagonga kioo, mkono ukazama majini hadi kiwiko. Bibie na Mumewe wakatawanyika.

"Mungu wangu! Utaanguka!" Mkewe alitoka jikoni mbio, kijiko mkononi, akamkumbatia kiunoni. Barafu akautoa mkono majini, na kabla mama wa watu hajasema jingine, akamtia vidole viwili mdomoni. Si kwa upole. Hakuwa na nafasi ya upole.

Mkewe akarudisha kichwa nyuma kwa hasira. Kisha hasira ikasimama njiani. Ulimi wake ulikuwa umeanza kazi. Akalamba midomo, akakunja uso kama alivyoikunjia supu. Akanyoosha mkono wake mwenyewe, akachovya kidole tangini, akaonja. Akatazama sufuria kule jikoni. Akatazama birika. Akatazama jagi, na ndoo ya chumvi.

"Yanakauka," alisema taratibu. "Maji yanakauka, chumvi inabaki. Na mimi kila siku..."

"Haya," alisema Barafu, akijiegemeza kwenye kioo.

"Kila siku naongeza chumvi juu ya chumvi."

Akamrudisha kitini, akamkalisha, halafu yeye mwenyewe akakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati la tangi, na kile kijiko bado mkononi.

Lakini hakukaa sana. Akainuka, akaanza kutoa kikombe cha maji ya tangi na kurudisha kikombe cha maji matupu. Barafu aliogopa asije akamwaga pipa zima kwa mkupuo, maana maji yakibadilika ghafla nayo huua. Hakufanya hivyo. Alitia kikombe, akangoja, akaonja, akatia kingine baada ya muda, vivyo hivyo mchana kutwa, na kesho yake, na kesho kutwa. Hakuna aliyemwambia aende polepole. Alikwenda tu jinsi alivyozoea kurekebisha sufuria ya watoto mia nne. Barafu alimtazama na kila kikombe kilimchoma. Dakika tano zingetosha. Dakika tano, mwaka wowote kati ya ile miaka tisa, badala ya kumwambia habari za maharage.

Samaki walipata nafuu. Anemoni alikuwa amekwenda mbali mno. Asubuhi ya siku ya nne alianza kuyeyuka na kutoa utando mweupe, na harufu ikafika kitini. Barafu alijua, akaelekeza kidole, na safari hii mkewe alielewa bila kuuliza. Akaleta upawa na bakuli. Akamchota yule mnyama kwa uangalifu mkubwa, lakini alikatika vipande, ikambidi arudie mara tatu. Bibie alimgonga mkono kila alipouzamisha, akimfukuza. Samaki wa ukubwa wa kidole gumba, anapigana na upawa.

Mkewe alipomaliza alifunika bakuli kwa sahani, akaliweka chini. Kwenye tangi, Bibie alirudi kwenye jiwe tupu, akalizunguka, akajisugua pale ulipokuwa mguu wa anemoni, akazunguka tena. Mumewe akamfuata nyuma.

Mama yule akavuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe, mikono ingali imelowa.

"Nimemuua," alisema. "Miaka tisa umemlea, mimi nimemmaliza kwa mwezi mmoja na nusu. Na wewe ulikuwa unaniambia. Jagi ulilipiga ukiniambia. Nikasema ni ugonjwa, nikasema umekuwa mkali. Kumbe ulikuwa unaniambia, mimi sisikii."

Barafu akatikisa kichwa, na kichwa kikatikisika zaidi ya alivyokiagiza. Yote yalikuwa tayari kifuani, yamepangwa, neno kwa neno: kwamba kosa si lake, kwamba aliomba kufundishwa akajibiwa kwa kejeli, kwamba yeye Barafu aliwahadithia watu baki mambo yote ya bahari hii, akamnyima aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja. Kwamba hajaona mtu aliyetunza kitu kwa mapenzi namna ile, hata siku waliyomwambia ajiandae. Akafungua mdomo.

"Haya," ulisema mdomo.

Akauinua mkono wake wa kushoto. Akaelekeza kwenye tangi. Akaelekeza kwenye bakuli lililofunikwa. Kisha akageuza kidole, akajigonga nacho kifuani. Mimi. Ni mimi niliyefanya haya.

Mkewe alikifuata kidole kile kwa macho, toka tangini hadi bakulini hadi kifuani, kwa makini kama mtu aliyeapa kwamba safari hii hakosei. Machozi yakamtoka.

"Najua," alisema. "Najua alikuwa wako. Najua, mume wangu. Nisamehe."

Barafu akajigonga tena, kwa nguvu zaidi, na tena. "Haya," alisema. "Haya. Haya." Mkewe akaushika mkono ule asije akajiumiza, akaulaza mapajani mwake, akaendelea kumwomba radhi.